Barabara za kupita na barabara za kufika: kisa cha Handeni na Korogwe

Ndugu msomaji, ukitaka kuujua mji usianze na ofisi ya mkuu wa wilaya. Anza na stendi. Ndiyo desturi yangu kila gazeti linaponituma mkoani. Nashuka, natafuta kibanda cha chai, naagiza chapati mbili, natazama.

Korogwe ni stendi nzuri ya kutazama. Basi la Dar kwenda Arusha linaingia, vijana wanalikimbilia na machungwa, maji ya chupa na mahindi ya kuchemsha wameyainua juu ya vichwa. Mikono inatoka madirishani, noti zinashuka, mifuko inapanda. Dakika chache tu, honi, basi limeondoka na chenji ya mtu. Wale abiria wakifika kwao watasema "Korogwe naijua sana". Wameijua wapi? Wamepita Korogwe mara hamsini, hawajafika hata mara moja.

Pembeni kuna magari mengine. Haya hayana haraka. Yanasubiri kujaa ndipo yaende Handeni, Magoma, Bungu. Ndani yake kuna mama aliyetoka kumwona mgonjwa Magunga, mzee mwenye bati mbili zilizofungwa kamba, mwalimu mpya na godoro lake. Hawa ndio wanaofika.

Swali langu la leo ni hili: barabara za huku zilijengwa kwa ajili ya nani? Za wanaopita au za wanaofika? Nimelichimba kidogo na nikaona kwamba jibu lina umri wa zaidi ya miaka 150. Naomba uvumilivu wako, historia haisimuliwi kwa mkato.

ALIYEKAA NJIANI NDIYE ALIYEKULA

Kabla ya lami, kabla ya reli, kabla hata ya Mjerumani, palikuwa na njia ya miguu. Ilianzia Pangani, mji wa pwani, ikafuata bonde la mto tunaouita Pangani na wenyeji wengi wanauita Ruvu, ikapita Korogwe, ikaenda mpaka Upare, Kilimanjaro na Umasaini. Kilichobebwa kushuka ni pembe za ndovu na watumwa. Kilichobebwa kupanda ni vitambaa, shanga, nyaya na baadaye bunduki. Mwaka 1857 Waingereza Burton na Speke waliipanda njia hiyo, wakafika Vugha milimani Usambara kumwona mfalme mkuu wa Washambaa, Kimweri ye Nyumbai.

Kimweri alitawala kutoka mlimani. Nguvu yake ilikuwa mvua, kodi na heshima ya ukoo wake wa Kilindi. Alipofariki mwaka 1862, mwanawe Semboja aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Aliacha hewa nzuri ya mlimani, akashuka bondeni, akajenga makao yake Mazinde, kando ya njia ya misafara. Mazinde leo ni wilaya ya Korogwe, karibu na Mombo. Huko wafanyabiashara walimkuta, wakampa vitambaa na bunduki, naye akawapa walichotaka. Haukupita muda mrefu Vugha ikabaki na jina, Mazinde ikabaki na bunduki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata viliwaumiza Washambaa kwa miaka mingi, na wengi waliuzwa utumwani.

Upande wa Uzigua, ambako leo ndiko Handeni, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Njia za kutoka Saadani na Pangani zilipenya nchi ya Wazigua kuelekea milima ya Unguu na bara. Bwana Heri wa Saadani alikuwa na nguvu kwa sababu mlango wa njia hiyo ulikuwa mkononi mwake. Mwaka 1882 aliwashinda askari wa Sultani wa Zanzibar. Wajerumani walipokuja kushika pwani mwaka 1888 alipigana nao, wakati Abushiri anapigana Pangani, na hakuweka silaha chini mpaka mwaka 1890.

Kwa hiyo watu wa huku walijua mapema kitu ambacho wachumi wetu wanakifundisha leo kwa michoro: aliyekaa njiani ndiye anayekula. Walijua na upande wa pili wa shilingi. Njia inayoleta bidhaa ndiyo inayoleta bunduki na minyororo. Baadhi ya vijiji vya bonde hili vilijengwa visiwani, katikati ya mto, ili mgeni akija asiingie mpaka aruhusiwe. Hao ndio wapangaji miji wetu wa kwanza. Walijenga karibu na njia, lakini si juu ya njia.

RELI ILIPOCHAGUA KOROGWE

Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Ndiyo reli ya kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Kampuni iliyoianza iliishiwa fedha ikiwa haijafika mbali na serikali ya kikoloni ikalazimika kuichukua. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, Moshi mwaka 1911. Hesabu mwenyewe: miaka 9 kutoka Tanga mpaka Korogwe. Leo ukitoka Tanga baada ya chai, chakula cha mchana unakula Korogwe na unabaki na muda wa kulala.

Mwaka huo huo wa 1893 ndio mkonge ulioletwa na Dakta Richard Hindorf ulipandwa karibu na Pangani. Miche mingi ilikufa safarini na iliyosalimika ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo 62 mashamba yalienea Tanga, Muheza na Korogwe kama moto wa kiangazi. Reli ilifuata mkonge, mkonge ukafuata reli. Shamba lisilo na njia ya kufikia stesheni halikuwa na maana, kwa sababu jani la mkonge ni zito, sehemu kubwa ni maji, na singa unayoipata ni asilimia chache tu ya uzito wa jani. Ndiyo maana mashamba mengi yalijenga vireli vyake vidogo vya kutoa majani shambani kwenda kiwandani.

Korogwe ikawa mji. Stesheni, maduka, kambi za manamba waliotoka mbali, Wanyamwezi, Wamakonde, Waha na wengine. Mpaka leo ukikaa Korogwe utasikia lugha za nusu ya nchi hii, na chanzo chake ni reli na mkonge.

Handeni je? Handeni ilikuwa kusini, ng'ambo ya mto, kama kilomita 60 hivi. Reli haikuiona. Lakini usifikiri kwamba kwa kutopitiwa na reli Handeni iliachwa salama. Kodi ilidaiwa kama kwingine, na ili upate fedha ya kodi ilikubidi uende kwenye mashamba ya mkonge. Vijana wakaondoka. Mwanahistoria James Giblin, ambaye kitabu chake juu ya sehemu hizi kilitoka mwaka 1992, anaeleza jinsi utaratibu wa wenyeji wa kutunza mazingira, mifugo na akiba ya chakula ulivyovunjika chini ya ukoloni. Mbung'o walirudi, ng'ombe wakapungua, na njaa ikawa mgeni wa mara kwa mara Uzigua.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja na reli, mwenyeji hakupona.

RELI YA KUSUKUMA KWA MIKONO

Sasa nakuletea kisa ambacho wengi hatukufundishwa shuleni.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walikuwa na reli mbili zisizokutana. Moja ya Tanga kwenda Moshi, nyingine ya Dar es Salaam kwenda Kigoma. Katikati yake pori, na mji mkubwa katika pori hilo ulikuwa Handeni. Jeshi la Lettow-Vorbeck likitaka kuhamisha risasi, chakula na askari kutoka reli ya kaskazini kwenda ya kati, lazima lipite huko. Wakaunda kireli chembamba, upana wake sentimita 60, kutoka Mombo kwenda Handeni. Vyuma vilikuwa vya aina ile ile ya vireli vya mashamba ya mkonge. Na mabehewa yake yalisukumwa na watu.

Ndiyo, ndugu msomaji, Handeni imewahi kuwa na reli! Treni yake ilikuwa migongo ya Waafrika. Kutoka Handeni kwenda reli ya kati mzigo uliendelea vichwani kwa wapagazi.

Mwezi Juni 1916 jeshi la Jenerali Smuts lilishuka kutoka Moshi likifuata reli na mto. Likaichukua Mombo, likaichukua Korogwe, likavuka Mto Pangani, na siku chache baadaye likaingia Handeni. Kutoka hapo liliendelea kusini kupitia mto Lukigura kuelekea Turiani na Morogoro. Askari na wapagazi waliugua malaria na kuhara kuliko walivyopigwa risasi. Vita ilipopita iliacha njaa nyuma yake, kwa sababu majeshi mawili yalikuwa yamekula katika maghala ya watu wale wale.

Kwa maoni yangu kisa hiki ndicho ufunguo wa habari yote. Kiungo cha kwanza cha maana kati ya Handeni na reli kilijengwa haraka, tena wakati wa shida, kwa sababu kulikuwa na mzigo wa kupitisha. Hakikujengwa ili mkulima wa Handeni auze mahindi. Mzigo ulipokwisha, na kireli nacho kikaisha. Hakuna stesheni ya Handeni leo wala tuta lake mtu analolionyesha mtoto wake.

WILAYA INA LAMI, MAKAO MAKUU HAYANA

Tukapata uhuru. Mwaka 1963 reli mbili zile hatimaye ziliunganishwa, kutoka Ruvu mpaka Mnyusi, na Mnyusi ni Korogwe hiyo hiyo. Mara nyingine tena kiungo kilipita upande wa mashariki na mji wa Handeni ukakaa mbali na filimbi.

Ikaja barabara kuu ya kutoka Chalinze kwenda Segera, kisha Korogwe, Mombo, Same, Moshi na Arusha. Hii ndiyo barabara unayoijua. Tazama ramani yake vizuri: Mkata, Kabuku, Michungwani, Segera, zote zimo katika wilaya ya Handeni. Yaani wilaya ilipitiwa na barabara kubwa kuliko zote za kaskazini, lakini makao makuu yake, mji wa Handeni ambao wenyeji wanauita Chanika, ulibaki kilomita 54 ndani ya pori kwa upande wa Mkata na kilomita 65 kwa upande wa Korogwe. Vumbi kiangazi, tope masika.

Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Vijiji vya barabarani vilinenepa. Segera ikawa njia panda ya taifa, ukitoka Dar unachagua kulia Tanga au kushoto Moshi. Kabuku na Michungwani zikauza machungwa, na kando ya barabara magunia ya mkaa yakajipanga kama askari wa gwaride kusubiri malori ya Dar. Mji wenye mkuu wa wilaya, hospitali na mahakama ukawa ndio mgumu kufikiwa.

Miaka ya sabini ikaleta operesheni vijiji. Watu walihamishwa kutoka makazi yao ya zamani wakapangwa pamoja, mara nyingi kando ya barabara, ili shule, zahanati na maji viwafikie kwa urahisi. Wazo lilikuwa zuri kwa karatasi. Lakini kumpeleka mtu barabarani si sawa na kumpelekea mtu barabara. Shamba lake lilibaki kule kule, maili kadhaa, na mahindi hayajifunzi kutembea.

Anayetoka huku anazijua hadithi za masika ya zamani. Abiria kushuka na kusukuma. Lori la mahindi kulala porini siku tatu. Mjamzito kubebwa kwa kitanda. Hizo hazikuwa ajali, zilikuwa kalenda.

KILOMITA 119

Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, katika Awamu ya Nne, serikali ilianza kuweka lami barabara mbili: Korogwe mpaka Handeni kilomita 65, na Handeni mpaka Mkata kilomita 54. Jumla kilomita 119. Hapo katikati ya miaka ya 2010 watu walikuwa wakiteleza juu yake. Katika miaka hiyo hiyo barabara kuu nayo ilitengenezwa upya, Korogwe hadi Mkumbara kilomita 76 na Mkumbara hadi Same kilomita 96.

Naomba tuzipime kilomita 119 kwa macho ya historia. Tangu njia ya misafara, hii ni mara ya kwanza mtu akajenga njia kubwa ambayo mwisho wake ni Handeni. Haikuwa ya pembe za ndovu, wala ya mkonge, wala ya mizinga. Ukiitazama kwenye ramani inafanya pembe: Mkata, Handeni, Korogwe, kisha unarudi Segera kwa barabara kuu. Ni kitanzi. Ajali ikifunga barabara kuu kati ya Mkata na Korogwe, gari dogo linaweza kuzunguka Handeni likaendelea na safari. Mji uliokuwa mwisho wa tope umekuwa njia ya akiba ya taifa. Nani angeamini?

Faida yake mwulize mkulima. Lori likifika kijijini kwa urahisi, wanunuzi huwa wawili au watatu, na mwenye mahindi anaweza kukataa bei mbaya. Lori likifika kwa taabu, mnunuzi ni mmoja na bei ni yake. Wengine wanaiita soko huria, mimi naiita barabara. Anayelipia tope siku zote ni mkulima, hata kama hatoi senti kwenye kikapu cha ushuru.

Lakini tusilewe. Mvua za Oktoba 2019 zilitukumbusha kwamba lami si mwisho wa kazi. Maji yalikata mawasiliano ya barabara kati ya Korogwe na Handeni, na watu wakarudi siku kadhaa kwenye maisha ya babu zao. Barabara haifi kwa kukanyagwa na magari peke yake. Inakufa kwa maji yasiyo na pa kwenda. Kalavati likiwa dogo au mtaro ukijaa mchanga, maji hutafuta njia yake, na njia hiyo ni chini ya lami. Siku ya uzinduzi wanakata utepe wa lami. Sijawahi kualikwa kwenye uzinduzi wa kuzibua mtaro.

MJI WA MSTARI

Nimefika sehemu inayonisumbua, na ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika.

Mkoa wa Tanga ulikuwa na watu 2,045,205 katika sensa ya 2012. Katika sensa ya 2022 walikuwa 2,615,597. Ongezeko la karibu asilimia 28 kwa miaka 10. Wilaya ya Kilindi ilishamegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Korogwe na Handeni kila moja sasa ina halmashauri ya mji. Tangu mwaka 2022 familia kutoka Ngorongoro zimehamishiwa Msomera, Handeni, na jambo hilo lina mjadala wake mrefu ambao leo siuingii. Ninachosema ni kwamba watu wanaongezeka na wote wanataka kujenga mahali pamoja: kando ya lami.

Kwa hiyo miji yetu inakua kama nyoka. Ndefu, nyembamba, mgongo wake ni barabara kuu. Duka linatazama barabara, gereji inatazama barabara, shule na zahanati hivyo hivyo. Nyuma ya safu ya kwanza ya nyumba kuna vichochoro, na nyuma ya vichochoro kuna mashamba. Mtu wa mtaa mmoja akitaka kwenda mtaa wa pili ambao anauona kwa macho, lazima bodaboda yake itoke kwenye barabara kuu, iendeshe katikati ya mabasi na malori ya mizigo, kisha iingie tena ndani. Mtoto anayekwenda shule naye vivyo hivyo kwa miguu. Barabara moja inafanya kazi ya barabara tano.

Nasi tunalipa. Mapema Februari 2023, usiku, Coaster iliyokuwa na waombolezaji waliokuwa wakisafirisha mwili wa marehemu kwenda Kilimanjaro iligongana na lori wilayani Korogwe, watu wasiopungua 17 wakafa. Walikuwa wakipita tu. Ajali ya namna hiyo ina sababu zake nyingi, mwendo, uchovu, giza. Lakini barabara inayobeba safari ya kilomita 600 na safari ya mita 600 kwa wakati mmoja inaongeza sababu moja zaidi.

Sheria tunazo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu mpaka mita 30 kila upande kutoka katikati, wakati zamani ilikuwa mita 22.5. Tulioishi barabarani tunazikumbuka zile alama za X ukutani, ya kijani ukisubiri fidia, nyekundu ukisubiri kubomolewa bila kitu. Watu walilia, na wengine walikuwa na haki ya kulia, kwa sababu waliuziwa viwanja na watu waliojua. Lakini X haijengi mji. X inamwondoa mtu mbele ya barabara bila kumwonyesha barabara nyingine ya kuhamia.

Taasisi nazo tunazo. TANROADS, iliyoanza mwaka 2000, inashika barabara kuu na za mikoa. TARURA, iliyoanza mwaka 2017, inashika za vijijini na za mitaa mijini. Ukiwauliza watu wa stendi ya Korogwe watakwambia tofauti kwa lugha yao: moja ina lami, nyingine ina ahadi. Ni utani, lakini utani wa Mswahili huwa na jiwe ndani. Fedha kubwa na macho ya wakubwa huenda kwenye barabara ya kupita. Ile ya kufika, ya kilomita 3 kwenda shamba la mpunga au kilomita 12 kwenda zahanati, husubiri greda ambalo likija linapitisha kijiko juu juu na kuondoka kabla mvua haijalikuta.

NJIA ZINAZOKUJA

Na njia nyingine zinakuja. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443 na linapita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza. Barabara ya Handeni kupitia Kiberashi na Kibaya mpaka Singida, kama kilomita 460, imeanza kujengwa upande wa Handeni. Njia ile ile ya majeshi ya 1916, Handeni, Mziha, Turiani, imekuwa katika mipango kwa miaka mingi, na kipande cha Turiani hadi Magole kimeshawekwa lami. Korogwe kwenda Soni kupitia Dindira na Bumbuli ni ahadi ambayo wakulima wa milimani wameisikia kutoka kwa zaidi ya mgombea mmoja. Hata reli ya zamani ilifufuka mwaka 2019, mizigo kwanza, abiria baadaye, na Korogwe ikasikia tena honi ya treni.

Njia zote hizo zikikamilika, Handeni haitakuwa tena pembeni. Itakuwa njia panda kama Segera, ya kwenda Singida, Morogoro, Korogwe na Dar. Mazinde ya Semboja ilikuwa njia panda pia. Nenda leo ukaitazame. Misafara ilipokoma na reli ikaweka stesheni zake ilipotaka, Mazinde haikuwa na kitu kingine cha kushika.

Hilo ndilo ninalotaka kuwaambia madiwani na wabunge wa huku, na zaidi wananchi wanaowachagua. Msipime mradi kwa urefu wa lami tu. Ulizeni: baada ya gari la mwisho kupita, kijiji kimebaki na nini? Kama kuna barabara ya pembeni inayounganisha mtaa na mtaa, kama kuna soko lenye kivuli mahali ambapo lori linaweza kuegesha bila kumgonga mtu, kama njia ya shambani inapitika mwezi Aprili, basi barabara imefika. Kama hamna, imepita. Usiache mbachao kwa msala upitao. Barabara kubwa ni msala, inapita. Njia ya shambani ndiyo mbacha wetu.

Na mambo haya ni rahisi kufanya mapema kuliko kuchelewa. Kutenga njia ya mita 12 katikati ya mashamba leo ni kazi ya mpima ardhi, kamba na mkutano wa kijiji. Kuitafuta njia hiyo hiyo baada ya miaka 15, nyumba zikiwa zimeshasimama, ni kazi ya fidia, mahakama na X nyekundu. Handeni bado ina nafasi hiyo. Korogwe inayo kidogo. Dar es Salaam haina, muulize yeyote anayekaa kwenye foleni.

Nilipomaliza chapati zangu basi jingine lilikuwa linaingia, vijana wakalikimbilia. Mimi nikavuka upande wa pili, nikaingia gari la Handeni. Halikuwa limejaa, tukasubiri. Mzee wa mabati akanisogezea nafasi, akaniuliza kama nami nashukia njiani au nafika.

Nikamwambia, leo nafika.

Karibuni, hasa ninyi Wazigua, Wabondei, Washambaa na wote mliozaliwa huko. Nilipokosea nisahihisheni, na mwenye babu aliyesukuma kile kireli cha Mombo asikae na hadithi hiyo peke yake.